Shajara ya mradi: ufa uliopita chini ya mji wetu

Wiki ya 1, Jumatatu

Naanza kuandika leo, kabla sijajua kama kazi hii itafika popote. Nikingoja imalizike nitasimulia kana kwamba njia niliijua tangu mwanzo, na huo utakuwa uongo.

Kazi yenyewe ni programu ndogo ya kompyuta. Inafuata magma, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, inavyopasua mwamba na kupita ndani yake, kutoka chini ya volkano ya Nyiragongo mpaka chini ya Ziwa Kivu. Sitabiri kitu. Wa kufuatilia mlima wapo, wana vipimo vyao mlimani na mjini, na hiyo ndiyo kazi yao usiku na mchana. Mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Goma, nina laptopu moja yenye betri iliyochoka, na swali moja ambalo halijanitoka tangu Mei 2021.

Waliokuwepo wanakumbuka. Jumamosi jioni, tarehe 22, mlima ukapasuka ubavuni, lava ikateremka gizani, ikasimama Buhene kabla ya kuufikia uwanja wa ndege. Asubuhi ya Jumapili watu walikuwa wanarudi kutazama, vijana wanapiga picha kando ya makoro, mawe ya lava, yanayofuka moshi. Tukadhani yamekwisha. Kumbe ndiyo kwanza ardhi ilianza kutikisika, ikatikisika mchana, ikatikisika usiku, kikombe kinagonga sahani kabatini mpaka umezoea. Alhamisi tarehe 27 tukaambiwa tuondoke. Waliokwenda Sake, waliovuka Gisenyi, waliogombania boti za Bukavu, kila mtu na godoro lake kichwani.

Na baada ya hapo lava haikutoka tena. Magma ilikuwa imeingia chini ya mji, ikapita chini ya nyumba zetu, ikafika chini ya ziwa, ikasimama. Kwa nini ilisimama? Hilo ndilo swali.

Wiki ya 1, Alhamisi

Mama yangu ana picha yake ya volkano, na nadhani ni ya wengi hapa kwetu: sufuria ya maharage. Moto chini, maji yanachemka, kifuniko kinaruka, kinachofurika kinamwagika. Ndiyo maana kila ardhi ikitikisika ananiuliza, "Imeshachemka?"

Picha hiyo haifai kwa kilichotokea wiki ile. Inayofaa ni ya kupasua kuni. Unapiga kabari kwenye gogo, gogo linafunguka, ufa unakimbia mbele ya kabari na kufuata nyuzi za mti wenyewe. Magma ndiyo kabari, ila kabari hii ni kimiminika, inajisukuma yenyewe na kujaza kila inapofungua. Nyuzi za gogo ni mikazo iliyomo ndani ya mwamba. Sisi tuko kwenye tawi la magharibi la Bonde la Ufa, ardhi inavutwa mashariki na magharibi polepole, milimita chache kwa mwaka. Ufa hupenda kufunguka kuelekea upande ambao haubanwi sana. Ukivutwa mashariki na magharibi, utalala kaskazini-kusini. Weka mlima kaskazini na ziwa kusini, basi mji uko katikati ya njia.

Wataalamu huuita ufa huo daiki. Upana wake ni mdogo kuliko watu wanavyofikiri. Nilimwonyesha Mama kwa karatasi ya kuchapia. Unene wake ni sehemu moja ya kumi ya milimita, urefu wake ni karibu sentimita thelathini. Uwiano huo ni sawasawa na daiki yenye upana wa mita moja na kimo cha kilomita tatu. Nikaunga karatasi kumi kwa gundi, ubavu kwa ubavu, nikazisimamisha wima sakafuni kutoka mlangoni kuelekea kabati. Kwa kipimo hicho hicho, hiyo ni kilomita ishirini na moja.

Mama akaangalia karatasi zinavyopepea. "Na hiki ndicho kilichotukimbiza?"

Wiki ya 2

Programu ya kwanza imekimbia. Mlinganyo wa msingi ni mfupi: ufa wenye kimo H, ukiwa na shinikizo la ziada P ndani yake, hufunguka kwa kiasi kinacholingana na P mara H, kugawanya kwa ugumu wa mwamba. Nimechukua ugumu wa gigapaskali 10, kwa sababu mwamba wa volkano umejaa nyufa na mapovu, ni laini kuliko jiwe zima la maabara. Kimo kilomita 3, shinikizo megapaskali 3.

Jibu la kwanza lilikuwa upana wa mita 6.7. Nilitembea nalo nusu siku nikijiona nimegundua jambo, mpaka nilipoona nimesahau sifuri moja kwenye ugumu. Jibu sahihi ni sentimita 67.

Kisha kasi. Kimiminika kinachopita kati ya kuta mbili zilizokaribiana kina kanuni inayojulikana: kasi ya wastani ni upana mara upana, mara msukumo kwa kila mita, kugawanya kwa mnato mara kumi na mbili. Mnato ndio unaotofautisha volkano na volkano. Magma yenye silika nyingi ni nzito kama ugali unaoshika mwiko, na ya Nyiragongo ni kinyume chake, silika yake ni karibu asilimia 40 tu na ina potasiamu na sodiamu kwa wingi. Kwa hiyo inatiririka. Mwaka 1977 ziwa la lava lilipomwagika kwa mara ya kwanza mbele ya macho ya wanasayansi wa zama hizi, watu wa vijijini mlimani hawakupata hata muda wa kukimbia.

Nilianza na mnato wa paskali-sekunde 50, yaani kama mara tano ya asali. Msukumo niliuweka paskali 2,000 kwa kila mita, sawa na magma iliyo nyepesi kuliko mwamba kwa kilo 200 kwa kila mita ya ujazo. Kasi ikatoka mita 1.5 kwa sekunde. Nikapunguza mnato hadi 5, kasi ikaruka hadi mita 15, mwendo wa motari, dereva wa pikipiki, aliye na haraka. Hapo kanuni yenyewe imeshakufa: kwa kasi hiyo mtiririko hauendi tena kwa tabaka tulivu, unavurugika, na kanuni niliyotumia ni ya mtiririko mtulivu. Nimeongeza kipande kinachopima hali hiyo na kubadilisha msuguano.

Lakini tuache mita 15. Hata ile 1.5 inanisumbua. Kwa mwendo huo, ufa ungetoka chini ya kreta, lile shimo la kileleni, hadi ufukweni, kilomita 18 hivi, kwa saa tatu na kitu. Matetemeko yalihamia kusini kwa siku kadhaa. Programu yangu ina haraka kuliko dunia.

Wiki ya 2, usiku

Nimelala nikaamka na jibu, au nusu ya jibu. Zidisha: mita 1.5 kwa sekunde, upana sentimita 67, kimo kilomita 3. Ni mita za ujazo 3,000 kila sekunde. Nani anazitoa? Nimeweka bomba bila kuuliza tangi lina nini. Ufa unaweza kuwa na njaa ya kwenda mbio, lakini unakwenda kwa kadiri unavyolishwa.

Nimeandika kwenye ukurasa wa mbele wa daftari: CHANZO KINAPUNGUA.

Wiki ya 3

Wiki ya jikoni. Programu inaweza kukudanganya bila wewe kujua, kwa hiyo nilitaka kuona ufa kwa macho. Njia inajulikana kwa zaidi ya miaka hamsini: unachukua jelatini, ile ya kutengenezea keki na pipi, unaigandisha kwenye chombo kinachopitisha mwanga, unadunga kimiminika kwa chini, unaangalia. Jelatini iliyoganda ina unyumbufu, inapasuka kama mwamba wa kitoto, na unaona ndani yake.

Tatizo ni kuipata. Madukani Birere niliambiwa imekwisha, imekwisha, imekwisha. Mama mmoja anayeuza vitu vya keki alinitazama, akaniuliza harusi ni lini. Mwishowe nikapata robo kilo, inayotosha lita 10 kwa kiwango cha asilimia mbili na nusu. Chombo: dumu la maji la lita 20, lile la plastiki angavu, nimelikata kichwa na kutoboa tundu chini la kupitisha sindano. Friji sina, lakini usiku wa Goma una baridi yake. Tuko juu karibu mita 1,500. Dumu lililala barazani limefunikwa shuka na asubuhi jelatini ilitikisika vizuri, imara.

Jaribio la kwanza, maji ya rangi nyekundu. Maji na jelatini uzito wake unakaribiana, kwa hiyo ufa ulitanuka kama sahani iliyosimama, ukakaa pale pale hadi nilipoendelea kusukuma. Jaribio la pili, hewa. Ufa wa hewa ulipanda wenyewe bila kusukumwa, mkia ukijifunga nyuma yake kama zipu. Mdogo wangu, ambaye ndiye aliyekuwa ameshika tochi, alipiga kelele. Kuna kimo maalumu: ufa ukiwa mdogo kuliko hicho unakaa, ukikizidi unaondoka na haurudi. Kwa mwamba niliwahi kukipiga hesabu. Nikitumia uimara wa jiwe lililopimwa maabara, ufa wenye kimo cha mita 90 tu ungeanza kupanda. Nikitumia uimara mkubwa mara mia, ambao vipimo vya daiki halisi hudokeza, unahitaji karibu kilomita mbili. Tofauti kubwa namna hiyo, kwa namba moja ambayo mimi naichagua nikiwa nimekaa kwenye kiti.

Jaribio la tatu ndilo la kueleza. Nilitaka kimiminika chepesi kuliko jelatini lakini chenye mnato. Mafuta. Chupa iliyokuwa karibu ilikuwa ya mawese, ya Mama, ya sombe. Niliyapasha kidogo yakalainika, nikayavuta kwenye bomba la sindano, nikadunga. Ufa mwekundu ukapanda vizuri, jani zuri kabisa, nafikiri sentimita sita. Kisha ukasimama. Nikasukuma. Haukwenda. Nikasukuma zaidi, na ghafla mafuta yakatoka ubavuni mwa ufa, kama kidole, yakafuata njia nyingine, nayo ikasimama.

Ilinichukua dakika nzima kuelewa. Mawese huganda kwa baridi. Kila anayepika hapa analijua hilo. Mimi mwalimu wa fizikia nililisahau. Yalikuwa yakigandia kwenye ncha na kingo, mahali ufa ulipo mwembamba zaidi, na katikati bado ni maji. Hivyo hivyo ndivyo magma inavyofanya ndani ya mwamba baridi. Nilikuwa nimeiacha baridi nje ya programu kwa kuona ni jambo dogo.

Si jaribio safi. Mafuta ya moto yanayeyusha jelatini pembezoni, na mwamba hauyeyuki kirahisi hivyo. Lakini nimeona ufa ukisimama huku nyuma yake shinikizo lipo, na kabla ya leo sikuwa na picha hiyo kichwani.

Mama amehesabu mawese yake. Nadaiwa chupa.

Wiki ya 4

Umeme hakuna siku nne. Nimesahihisha mitihani.

Wiki ya 5

Baridi imeingia kwenye programu. Ufa wenye upana wa mita moja, magma ikiwa imetulia ndani yake, huganda kwa muda wa kama siku moja. Upana ukiwa nusu, muda ni robo. Upana sentimita 40, ni saa nne hivi. Magma mpya inayopita huleta joto na kuchelewesha mambo, kwa hiyo ni shindano: ufa unaolishwa haraka hubaki wazi, unaolishwa kwa kusuasua hujifunga. Ncha ndiyo ya kwanza kufa, kama nilivyoona kwenye dumu.

Gharama yake ni muda wa kompyuta. Nikigawa njia kwa vipande vidogo nusu, hatua ya muda nayo lazima iwe robo, vinginevyo namba zinaanza kuruka juu na chini na kulipuka. Vipande mara mbili, hatua mara nne: kazi mara nane. Mbio moja ya programu sasa ni saa sita, na betri yangu ni ya saa moja na nusu. Jirani ana sola. Tumekubaliana: yeye ananipa umeme kuanzia saa nne asubuhi, mimi namfundisha mwanawe hesabu.

Wiki ya 5, Jumamosi

Nilifikiri leo nitaongeza mteremko na kumaliza. Mteremko ni jambo kubwa kwetu. Ukingo wa kreta uko mita 3,470 juu ya bahari, ziwa liko karibu 1,460. Magma iliyo ndani ya mlima ni kama tangi lililowekwa juu ya paa: kadiri bomba linavyoteremka, ndivyo maji yanavyotoka kwa nguvu. Ziwa la lava lilikuwa ndani ya kreta, chini ya ukingo, kwa hiyo nilichukua tofauti ya mita 1,500 tu kutoka hapo hadi mjini. Magma ya kilo 2,700 kwa mita ya ujazo, mara mvutano wa dunia, mara 1,500.

Karibu megapaskali 40.

Nilipiga tena kwa mkono. Ni 40. Mwamba kwa kawaida hupasuka kwa megapaskali chache, na nimetumia wiki tano nikicheza na tatu. Nikiipa programu 40, upana wa daiki chini ya mtaa wa Katindo unakuwa karibu mita tisa na magma inatoka kila mahali. Hilo halikutokea. Basi safu ya magma kutoka kreta hadi mjini haikuwa nzima wakati daiki inapita chini yetu.

Na kwa kweli haikuwa nzima. Kabla ya hapo mlima ulikuwa umepasuka ubavuni na ziwa la lava likamwagika kwa saa chache. Tangi lilitobolewa juu. Lava iliyoshuka Kibati hadi Buhene, iliyoua watu na kula nyumba, ndiyo hiyo hiyo iliyoondoa uzito wa magma uliokuwa ukiisukuma daiki kutoka juu. Ninaliandika nikijua lina ukali, kwa sababu kati ya watu wa Buhene niliowazika, mmoja alikuwa rafiki yangu. Lakini kwa hesabu ya mashinikizo, ubavu uliopasuka ulipunguza msukumo wa kilichokuja baadaye.

Mwaka 1977, 2002 na 2021: mara zote tatu ziwa la lava lilitoweka kwenye kreta. Mwaka 2002 nyufa zilifunguka ubavu wote wa kusini mpaka chini karibu na Munigi, lava ikapita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya njia ya ndege, ikaingia ziwani. Safari hiyo tangi lilitobolewa juu na chini pia. Kama ningekuwa na muda na umeme ningeiendesha 2002 kwa programu hii hii. Sina.

Wiki ya 6

Wiki ya kulinganisha na vipimo vya wenyewe. Setilaiti za Ulaya za Sentinel-1 hupita juu yetu na rada, na picha zake ni bure kwa yeyote. Bure, yaani kama una intaneti ya kupakua gigabaiti kadhaa kwa picha moja. Nilijaribu usiku mbili, kifurushi kikaisha kwenye asilimia 60. Nimeamua kutumia ramani zilizochapishwa.

Ramani hizo zina mikanda ya rangi kama madoa ya mafuta juu ya maji. Kila mkanda kamili maana yake ardhi imesogea sentimita 2.8 kuelekea kwenye setilaiti au mbali nayo. Juu ya Goma na Gisenyi mikanda imejaa, imebanana. Daiki iliyo karibu na uso huacha alama inayojulikana: katikati ardhi inazama, pembeni zote mbili inavimba na kusukumwa nje. Upana wa sehemu iliyozama unakuambia kina. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Nature ulionyesha kwamba daiki ilipita mamia ya mita tu chini ya uso, na kwamba mlipuko wenyewe ulianza bila dalili zile zinazotegemewa, kwa kuwa magma ilikuwa tayari imo mlimani na ukuta wa mlima ndio uliovunjika. Kabari haikupigwa upya. Gogo ndilo lililochoka.

Mamia ya mita. Kutoka nyumbani kwetu hadi sokoni ni mbali zaidi.

Programu yangu inatoa bonde na vimbe mbili zenye umbo hilo, kina cha bonde kikikaribiana, ila bonde langu limenyooka kama rula na la kweli linapinda kidogo. Sishangai, mimi nimeunyima ufa uhuru wa kupinda.

Jumapili nilikwenda kwa shangazi, mtaa wa Himbi. Ukuta wa sebuleni kwake una ufa tangu wiki ile, kutoka dirishani hadi sakafuni. Walijaza saruji, ukafunguka tena juu ya saruji, wakabandika kalenda. Nilimwomba ruhusa nikatoa kalenda. Kidole changu cha shahada kinaingia mpaka kiungo cha kwanza. Ukuta wenyewe umeelekea mashariki-magharibi, na ufa umeukata kwa upana, yaani nusu mbili za ukuta zimeachana mashariki na magharibi, kama inavyotakiwa. Shangazi alinitazama ninavyofurahi. "Sasa wewe unacheka nyumba yangu?" Nyumba moja si ushahidi, msingi wake umejengwa juu ya makoro yaliyojaa mashimo na ungeweza kupasuka kwa sababu kumi nyingine. Nikarudisha kalenda.

Wiki ya 7

Nimerudia mbio nne kwa sababu mwana wa jirani alichomoa waya ili achaji simu. Sasa programu inahifadhi hali yake kila dakika kumi. Ningefanya hivyo wiki ya kwanza kama ningekuwa na akili.

Wiki ya 8

Daiki imesimama.

Mpangilio: chanzo kinaanza na megapaskali 5, na kwa kila mita za ujazo milioni kumi zinazotoka, kinapoteza moja. Juu hakuna safu ya kreta. Mteremko mkali mlimani, mdogo mjini. Baridi imewashwa. Ufa ulitoka kwa kasi chini ya mlima, ukapunguza mwendo chini ya Munigi, ukapita mji mzima kwa kujikokota, siku ya nne uko chini ya maji, na kwenye kilomita 23 ncha ikaganda. Nyuma yake kulikuwa bado na shinikizo, megapaskali mbili na kidogo, kama mawese kwenye dumu. Ujazo wote ni karibu mita za ujazo milioni 28. Zidisha urefu, kimo na upana wa wastani, unapata hiyo hiyo. Nimehakiki kwa mkono, maana sifuri yangu ya wiki ya pili sijaisahau.

Nilimwita Mama aone mstari ulivyosimama kwenye skrini.

"Kwa hiyo haikuwa na nguvu ya kutosha?"

"Ilikuwa na nguvu. Iliishiwa na haraka."

Akaliwaza hilo. Akasema ni kama wageni.

Wiki ya 8, Ijumaa

Furaha ya siku tatu imetosha. Nimeanza kuivuruga programu ili nijue inategemea nini. Uimara wa mwamba: nikiuzidisha mara mbili, ufa unasimama kilomita mbili mapema, si kitu. Mnato: hauleti tofauti kubwa, kama nilivyoshuku, kwa sababu anayeshika hatamu ni chanzo. Joto la mwamba: linaleta tofauti kiasi.

Chanzo ndicho balaa. Shinikizo la mwanzo kutoka 5 kwenda 5.5 tu, na daiki haisimami kilomita 23. Inaendelea hadi 31, chini ya maji yenye kina. Nusu megapaskali ni safu ya magma isiyofika hata mita ishirini. Kama ziwa la lava lingeacha mita ishirini zaidi ndani ya bomba lake.

Na chini ya ziwa mambo yanageuka. Kivu ina kina cha hadi mita 485, na maji ni mepesi kuliko mwamba, kwa hiyo kadiri daiki inavyokwenda chini ya bonde la ziwa, ndivyo mzigo ulio juu yake unavyopungua. Ziwa haliizuii, linaifungulia. Katika mbio ya 5.5, kwenye kilomita ya 29, umbali kati ya ukingo wa juu wa daiki na sakafu ya ziwa umebaki mdogo sana. Maji ya kina ya Kivu yamebeba kaboni dioksaidi na methani iliyoyeyuka, kwa wingi ambao hakuna ziwa lingine linalofanana nalo. Hapa kwetu mtoto wa shule anajua mazuku ni nini, hewa nzito inayojikusanya mabondeni na kuua mbuzi kwanza, kisha anayemfuata mbuzi. Mwaka 1986 Ziwa Nyos la Kamerun, dogo mno likilinganishwa na letu, lilitoa gesi yake usiku mmoja na kuua watu wapatao 1,700. Mimi sina kitu chochote cha gesi ndani ya programu yangu, na sitajifanya ninacho. Ninaandika tu kwamba niliifunga laptopu mapema siku hiyo.

Wiki ya 9

Rafiki anayesoma jiolojia Bukavu amepitia namba zangu. Ameandika kwa ufupi, kama kawaida yake: chini ya ziwa nimeweka sakafu tambarare. Ni kweli. Nilitia kina kimoja, mita 200, kutoka ufukweni hadi mwisho wa njia, kwa uvivu, nikisema nitarekebisha. Sakafu ya kweli inaanza kwa ngazi ya lava za kale kisha inadidimia. Kwa hiyo ile kilomita 23 imesimama mahali ambapo ziwa langu halipo duniani, na ile 31 vilevile.

Ameniahidi ramani ya kina cha ghuba ya kaskazini, kwenye kijiti cha kumbukumbu, kwa mkono wa mtu anayepanda boti Jumanne. Jirani ameshaniwekea waya wa sola kwa siku mbili mfululizo. Jelatini imebaki vijiko vitatu, na chupa ya mawese nimelipa.